Ni Nani Aijuaye Nchi?

Msomaji, kila ajifunzaye jiografia hana budi kukabili swali moja: ni nani aijuaye nchi kwa hakika? Ni yule aliyesoma vitabu vingi juu yake, au ni yule aliyeikanyaga kwa miguu yake? Swali hili laonekana jepesi, lakini limewahi kumfanya mtu mkweli asisadikiwe kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akashika njia ya bara kwenda nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei aliona kwa mbali mlima mkubwa, na juu yake weupe. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alifahamu mara moja. Habari zake zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikataa. Theluji karibu na ikweta! Alishikilia kwamba macho ya msafiri yamemdanganya. Bwana huyo alikuwa na vitabu na ramani tele, lakini maisha yake yote hakutia mguu katika bara la Afrika.

Labda utasema upesi, "Basi vitabu ni bure, macho ndiyo mwalimu." Usifanye haraka. Macho nayo hudanganya. Hutuambia kwamba jua latembea na dunia imetulia. Kitabu chatuambia kinyume chake, na kitabu ndicho chenye kweli. Tena mtu aweza kukaa kijijini mwake tangu utoto hata uzee, akaujua kila mti, asijue mto anaoteka maji waanzia wapi wala waishia wapi. Kusoma, basi, hakukuwa kosa la Cooley.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu. Kilimanjaro una mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Pwani ikiwa na joto la nyuzi 30, kileleni utapata karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Zaidi ya hayo, mwaka 1802 Alexander von Humboldt alikwisha jaribu kupanda Chimborazo, mlima wa Ekwado wenye theluji, ambao u karibu na ikweta kuliko Kilimanjaro, na habari zake zilijulikana Ulaya. Kumbe vitabu vyenyewe vilikuwa upande wa Rebmann! Mimi naona kwamba kilichomfumba macho Cooley ni kiburi, wala si elimu. Alikwisha andika juu ya bara la Afrika, na ni vigumu mwandishi kusahihishwa na mtu atokaye safarini na vumbi miguuni. Mwaka 1861 na 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda mlimani, akathibitisha kwamba theluji ipo.

Lakini tusimsahau shahidi wa tatu. Yule kiongozi hakuandika kitabu, wala hakubishana na mtu. Hata hivyo alijua jambo la kweli: alikijua kitu kwa tendo lake, naye alilijua kabla mgeni hajauliza. Kwa hiyo ukiulizwa ni nani aliyevumbua Kilimanjaro, jihadhari na jibu lako. Mlima ulikuwa na wenyewe, waliolima miteremko yake na kunywa maji yake. Rebmann alipeleka habari zake Ulaya. Sifa hiyo ni yake na yamtosha. Kumpa zaidi ni kuwanyang'anya wengine.

Waona basi kwamba somo la jiografia ni somo la haki pia. Latudai tumsikilize shahidi, tuyapime maneno yake kwa kanuni tuzijuazo, kisha tuwe radhi kuifuta ramani yetu ikionekana kuwa na kosa. Kwenu kuna kilima au mto. Waulize wazee jina lake na sababu ya jina hilo, kisha fungua ramani. Vikipingana, usikimbilie kumcheka mzee wala kukitupa kitabu, nenda ukatazame.

Leo barafu ya Kilimanjaro yapungua mwaka hata mwaka. Huenda siku moja ukamsimulia mjukuu wako kwamba mlima ule karibu na ikweta ulikuwa na kilemba cheupe, naye, akiutazama mwamba mtupu, akadhani umeota. Siku hiyo utatamani awe amefundishwa kumsikiliza shahidi. Anza kujifunza hayo wewe kwanza.