Kabla Hamjalala Koyama

Wanangu, habari za safari yenu zimenifikia: Alhamisi mchana muondoke Kismayo kwa boti ya mashine, mkitembelee kisiwa cha Koyama, mlale hemani ufukoni, Ijumaa jioni mrudi, na Jumamosi asubuhi kila mmoja awe kazini kwake. Wengine wenu mmezaliwa Mombasa, wengine mmelelewa Uingereza, na mnataka kuikanyaga nchi ya babu zenu kwa miguu yenu. Hamu hiyo sina neno nayo. Neno langu ni hiyo Jumamosi.

Mtu akishajifunga kwamba lazima awe mjini siku fulani saa fulani, hana tena uhuru wa kulitazama wimbi na kusema leo siendi. Upepo ukizidi, atajiambia utatulia. Mashine ikikohoa, atajiambia itafika hivyo hivyo. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao na waliozaliwa visiwani, wakivuka kwa sababu ya zamu ya kazi, na lau si zamu hiyo wangelala walipo bila wasiwasi. Na msiniambie kundi jingine lilikwenda likarudi salama. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Mnasema mtakwenda wakati wa kaskazi, kwa kuwa kusi ikiwa kali, Juni hadi Agosti, hata wavuvi wenyewe hupumzisha vyombo vidogo. Hapo mmefikiri vizuri. Lakini kaskazi ina hila yake. Koyama iko kusini mwa Kismayo, baada ya visiwa vya Ilisi na Fuma, kwa hiyo upepo unawasukuma mkienda. Mkondo wa bahari nao msimu huo hushuka kusini, ilhali wakati wa kusi hupanda kaskazini. Mtafika upesi, mkicheka, na petroli imebaki tele. Siku ya kurudi upepo uko usoni, mkondo uko usoni, boti inapiga mawimbi kwa kifua, na petroli mliyoipima kwa safari ya kwenda haitoshi. Gaweni mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu lisiguswe. Chukueni plagi za akiba, kasia, upondo, upo wa kufulia maji, nanga yenye amari ndefu, na jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa. Livaeni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Sasa matembezi yenyewe. Najua hamtaridhika na njia za kisiwani. Mtataka kwenda hadi ukingo wa mwamba maji yakitoka, na kweli ni pazuri. Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka mnamo saa nne. Kila siku husogea mbele kama dakika hamsini, hata wiki moja baadaye, maji mafu, saa kumi alasiri ndipo yamekupwa. Basi angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya ofisi. Ijumaa ya maji mafu, mkingoja yajae ndipo boti ielee vizuri, mtaondoka gizani. Huku karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili na robo mwaka mzima, na machweo hayakawii. Katika giza hilo fungu la mchanga halionekani, na ramani ya simu haina habari kwamba limehama tangu msimu uliopita.

Maji ya kujaa hayaingii kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja kidogo, ya pili huongezeka, kisha saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote. Na mara nyingi mwamba huwa juu upande wa nje, kati yake na ufuko pana bonde. Mtu yuko ukingoni, miguu mikavu, anapiga picha. Nyuma yake bonde limeshajaa hadi magotini, halafu kiunoni, na maji yanakokota. Wengi hushtuka wakati huo. Anzeni kurudi maji yakiwa bado yanatoka, msingoje yageuke. Vaeni viatu vya soli ngumu, na penye mchanga buruteni nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyejifukia akimbie asije akakanyagwa. Aliyechomwa mwiba wa taa atumbukizwe mguu katika maji ya moto kadiri anavyostahimili bila kuungua, muda wa saa nzima au zaidi, kisha afikishwe hospitali.

Koyama ina wenyewe. Fikieni kwanza kwa wazee, kijijini Koyamani au Gedeni, mpige hodi, mwombe mahali pa kulala kabla ya kusimamisha hema. Ijumaa mkaswali pamoja nao. Magofu na makaburi ya kale, ambayo mwanaakiolojia Neville Chittick aliyaandikia habari mwaka 1969, si mahali pa kuwashia moto, na vigae vyake visiingie mkobani. Mayai ya kasa yaacheni.

Kisiwa ni cha matumbawe, hakina mto, na visima vina watu wanaovitegemea. Bebeni maji yenu, lita 4 kwa mtu kwa siku, na yawe ya siku mbili zaidi ya mlizopanga. Bara iliyo mkabala na visiwa msiiguse. Kismayo ilitoka mikononi mwa al-Shabaab mwaka 2012, lakini misitu ile haijawa pa kutembelea.

Tafuteni nahodha wa visiwani, asiwe rafiki yenu aliyejifunza mashine juzi. Akisema leo hatuondoki, hamwondoki, hata kama aliyelipia petroli amekasirika. Huyo aliyelipia ndiye huwa mgumu kusikia. Majina yenu yote na siku mnayotarajiwa yaacheni kwa mtu wa Kismayo atakayejua amwambie nani msipoonekana.

Na kabla ya kununua hata tochi, kila mmoja amwambie mkubwa wake kazini kwamba Jumamosi huenda asifike, na pengine Jumapili pia. Asiyeweza kulisema neno hilo, safari hii abaki mjini.