Sauti Yangu, Usingizi wa Jirani

Nilipopata pikapu yangu, Toyota Hilux ya petroli yenye silinda 4, nilikuwa na kila sababu ya kuridhika. Ilibeba mbolea, ilibeba mahindi, wala haikunilaza njiani. Kitu kimoja tu kilinikera: ilinguruma kinyonge mno. Nikaipeleka kwa fundi pale Morogoro. Akakata sailensa, akachomelea bomba pana lililonyooka mpaka nyuma. Nilipowasha, kifua kilinitetemeka. Nakiri, msomaji, nilifurahi kama mtoto.

Fundi alinieleza kazi ya kile alichokitoa. Kila valvu ya moshi inapofunguka, gesi iliyobanwa hutoka kwa kishindo. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa vishindo 100 kila sekunde, na sikio huvisikia kama mlio mmoja. Ndani ya sailensa mna vyumba na mabomba yenye matundu. Humo mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi, na kupunguzana nguvu yenyewe kwa yenyewe. Si jambo jipya: ndugu wawili wa Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha namna hiyo huko Marekani mwaka 1897.

Nilijiambia kwamba pikapu ni yangu na petroli ni yangu, basi na sauti ni yangu. Lakini je, sauti ina mwenyewe? Mwaka 1994 kampuni ya Harley-Davidson iliomba mlio wa pikipiki zake usajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 kampuni ikaliondoa ombi lake. Mali nyingine hukaa ndani ya ua. Sauti huruka ua, na ikisharuka haina wa kuirudisha.

Kwa miezi kadhaa niliondoka nyumbani saa 11 alfajiri. Hakuna jirani aliyelalamika. Kimya chao nikakihesabu kuwa ridhaa.

Siku moja nilikwenda kumjulia hali mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akiumwa mgongo kwa muda mrefu. Mkewe akinimiminia chai alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba maumivu humkesha mzee usiku kucha, na usingizi humjia kwenye saa 10. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nikimwachia saa moja.

"Mama, mbona hamkuniambia?" nikauliza.

Akatazama kikombe. "Mwanangu, tungekuambiaje? Wewe ndiye unayetupeleka hospitali."

Neno hilo lilinichoma kuliko ambavyo matusi yangenichoma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami mshindo huo sikuusikia kwa sababu ya mshindo wangu. Anayekuhitaji hawezi kukukataza kwa urahisi. Kimya chake si ridhaa; huenda ni bei anayolipa kwa wema wako. Na wema unaolipiwa kwa kimya, je, bado ni wema? Sikuwahi kumdai mzee yule hata senti ya petroli, kumbe nilikuwa nikimtoza usingizi.

Nilirudi kwa fundi. Alicheka, kisha akanitafutia sailensa nyingine, kwani ya kwanza alikwisha kuiuza. Sitaki kujifanya mtakatifu: ule mlio bado naukumbuka, hasa nikiwa peke yangu katika barabara ya Dodoma, mahali pasipo nyumba. Sioni kuwa kuupenda ni dhambi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba anayeusikia alipata nafasi ya kuukataa.

Sasa natoka alfajiri kwa utulivu. Mama hajasema lolote, zuri wala baya. Ila safari hii sikusubiri aseme. Nimepita kwake, nikamwamkia, nikauliza.