Nyumba Iliyodhaniwa Kuwa Mlango wa Kuzimu

Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba Periander, mtawala wa Korintho, alitaka kujua amana ya rafiki yake imewekwa wapi. Aliyejua ni mkewe Melissa, naye alikwisha kufa. Basi Periander akatuma wajumbe hadi mto Acheron, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwenye mahali pa kuulizia wafu. Melissa alitokea lakini akakataa kusema: alikuwa na baridi, yu uchi, maana nguo alizozikwa nazo hazikuchomwa moto. Periander akawakusanya wanawake wa Korintho, nao wakaja wamependeza wakidhani wameitwa kwenye sikukuu. Akawavua nguo wote, akaziteketeza kwa ajili ya mkewe. Wajumbe waliporudi mara ya pili, Melissa alisema.

Mshairi Homer naye, katika utenzi wake Odyssey, anampeleka shujaa Odysseus hadi mpaka wa milki ya Hades, mungu wa kuzimu. Huko Odysseus anamwona mama yake aliyekufa, anamkumbatia mara tatu, na mara tatu mikono yake inabaki mitupu. Nani kati yetu aliyezika mzazi asiyetamani kuwe na mlango wa namna hiyo, hata kwa dakika moja? Naomba msomaji ayashike maneno haya anaposoma yanayofuata, asije akamhukumu mtu upesi.

Mwaka 1958, mwanaakiolojia Mgiriki Sotirios Dakaris alianza kuchimba kilima kilicho karibu na kijiji cha Mesopotamos, mahali Acheron inapokutana na mto ambao wengi wanaamini ndio Cocytus wa hadithi. Hakuwa mbabaishaji. Alikuwa msomi wa kuheshimika, aliyelijua jimbo la Epirus kwa undani. Chini ya kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji alikuta jengo lililoungua: kuta nene za takriban mita 3, ujia mwembamba wenye kona, na chini kabisa chumba kilichojengwa kwa matao ya mawe. Alisema amepata Nekromanteion, mahali pale pale pa Periander na Odysseus. Ujia wenye kona ulikuwa wa kumchanganya mgeni gizani. Chumba cha chini kilikuwa makao ya Hades na mkewe Persephone.

Sasa tuziangalie dalili, kwa sababu hazikuwa zimejificha.

Kulikuwa na mitungi mikubwa iliyojaa masalia ya ngano, shayiri na maharage. Mkulima yeyote angesema hapa ni ghala. Dakaris alisema ni chakula cha ibada, na kwamba maharage yale yaliliwa ili mgeni alewe na kuona vivuli. Kulikuwa na vyombo vya kawaida vya nyumbani na zana za kilimo, kwa wingi. Kulikuwa na mikuki ya Kirumi. Tena jengo lenyewe halikuwa la zamani kuliko mwisho wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ilhali Homer na Herodotus walikwisha kuandika muda mrefu kabla ya jiwe lake la kwanza kuwekwa. Hii peke yake ingetosha kumsimamisha mtu na kumfanya aulize upya.

Lakini dalili kubwa kuliko zote ilikuwa ya shaba. Zilipatikana pete nene 21, zilizotengenezwa kwa ustadi. Dakaris alizieleza kuwa vipande vya winchi: makuhani waliitumia kushushia sanamu za wafu kutoka juu, ili mgeni aliyelewa na kuchoka aamini kwamba baba yake amerudi. Ni maelezo ya kuvutia mno. Ukiyasikia mara moja huyasahau, na nadhani hatari yake ilikuwa hapo.

Mjerumani Dietwulf Baatz alikuwa bingwa wa silaha za kale. Alipozichunguza pete zile alizitambua, na mwaka 1982 akachapisha alichokiona. Ni pete za mitambo ya vita ya kurushia mishale na mawe. Kamba za kano za wanyama zilipitishwa katikati ya pete, zikasokotwa mpaka zikakaza kwa nguvu kubwa, kisha pete ikazuiwa isirudi nyuma. Zile 21 zilitoka katika mitambo isiyopungua saba. Jengo lile lilikuwa nyumba ya shamba yenye ngome, pamoja na mnara wake. Huenda mahali pa kuulizia wafu palikuwapo kweli katika nchi ile ya Acheron, na Herodotus hakutunga. Lakini nyumba hii haikuwa mahali hapo.

Ndugu msomaji, Dakaris hakukosa elimu wala macho. Alifika kilimani akiwa na jibu mkononi, na kila kilichotoka ardhini kikalazimishwa kulitumikia jibu hilo. Mimi ninayeandika naweza kujikwaa hapo hapo, na wewe vilevile. Tazama tunavyomfanyia Hades mwenyewe. Wengi wetu tumemjua kupitia filamu ya Disney ya mwaka 1997, Hercules, ambamo ni mwovu mwenye njama za kumpindua Zeus, mkuu wa miungu. Kwa kuwa tumelelewa na habari za Shetani na jehanamu, picha hiyo inatuingia bila kubisha hodi. Lakini Hades wa Wagiriki wa kale hakuwa Shetani. Yeye, Zeus na Poseidon walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu. Alikuwa mkali, hakuwaachia wafu wake kirahisi, na alimnyakua Persephone kwa nguvu. Hata hivyo hakuwa adui wa miungu wala mshawishi wa dhambi. Tukimsoma Homer huku tukimtafuta Shetani, tutampata tu, kama winchi ilivyopatikana.

Kwa hiyo tusiogope kuuliza: kama hadithi hii nisingaliisikia kabla, kitu hiki kingeniambia nini? Tuulize mapema, kabla hatujatangaza. Jina likishatangazwa ni vigumu kulirudisha. Hadi leo wageni wanakwenda Mesopotamos kuona Nekromanteion, nao hushuka kwenye chumba cha matao wakitafuta makao ya Hades.

Linaloniuma zaidi ni wale watu waliosahauliwa. Mwaka 167 kabla ya Kristo, jeshi la Roma chini ya Aemilius Paullus liliivamia Epirus. Waandishi wa kale wanataja miji 70 iliyoporwa na watu 150,000 waliochukuliwa utumwani. Nyumba ya kilimani iliteketea katika uvamizi huo. Ngano ile ilikuwa akiba ya watu waliokuwa hai, na mitambo ile ilikuwa ya kuwalinda na jeshi lililokuwa likija.