"Shukuru, Bibi"

Katika mji wetu wa Unguja, mtu mzima akilia mbele ya watu, neno la kwanza limfikialo ni "subiri", na la pili ni "shukuru". Na maneno haya mawili, ambayo asili yake ni ibada, nimeyaona mara nyingi yakigeuzwa kizibo cha kumzibia aliaye kinywa chake.

Sina ugomvi na ukarimu wa dola. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo zimewasitiri watu ambao, lau si hizo, wangelala barazani mwa watu. Na tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa zamani au hakuajiriwa kamwe, amewekewa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini hisani ina hatari yake: aliyekwisha kupewa kitanda, wali na dawa hudhaniwa kuwa hana haja nyingine, na akijiinamia magharibi kwa kumkumbuka marehemu mumewe, au nyumba ya Mkunazini alimoolewa, ambayo leo hulala watalii, husemwa kuwa hana fadhila.

"Shukuru, Bibi, wenzio hawana hata pa kulala," mlezi humwambia, wala si kwa inda. Aghalabu ni kwa uchovu, maana naye amepokea vilio mchana kutwa na hakuna aliyemwuliza hali yake. Bibi hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa kuwa ni kupoa, ilhali jitimai imehama tu machoni ikaingia katika usingizi usiokuja na sahani irudiyo jikoni imejaa.

Mlezi mahiri huketi kwanza, ndipo akauliza, kwa kuwa mzee hamfungulii moyo mtu aliyesimama mlangoni na beseni mkononi. Huuliza habari ya mwili kabla ya yote, kwani mzee aliyebadilika ghafla huenda mkojo unamchoma, au dawa haimkubali, au masikio yamepungua nguvu hata mazungumzo ya wenziwe akayadhania masengenyo. Kisha hulitaja jina la marehemu bila ya hofu. Na huzuni ikidumu wiki baada ya wiki, humpeleka kwa tabibu wa maradhi ya akili pasi na haya, ijapokuwa jina la hospitali ya Kidongo Chekundu limefanywa mzaha mitaani mwetu, mzaha ambao, kwa rai yangu, huwafanya watu kuyaficha maradhi yatibikayo.

Na sisi wazuru? Ramadhani na sikukuu hufurika kwa mchele na sukari, wapiga picha wakitufuata nyuma. Ukiingia mwezi wa Mfungo Saba, hapana aendaye. Ningependa tungekwenda mwezi huo, mikono mitupu kama hapana budi, tucheze bao na wazee wa kiume, na tumwulize Bibi ukili wake aliusukaje alipokuwa mwari, tukamwachia amalize, hata ikiwa hayo hayo alikwisha kuyasimulia juzi.