Kitabu cha Vijana ni Kitabu Gani?

Wengine wanasema kitabu cha vijana ni kile chenye maneno mepesi na kisicho na mabaya ndani. Mimi nakataa.

Tuangalie hadithi ya Mwindo ya ndugu zetu Wanyanga, ile mzee Candi Rureke alisimulia mwaka 1956, Biebuyck na Mateene wakaitoa kitabu mwaka 1969. Mwami Shemwindo hataki mtoto mwanaume. Anamtupia Mwindo mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni.

Siku moja darasani niliruka sehemu hiyo, juu ya kuogopa wazazi. Mwanafunzi mmoja akauliza: «Mwalimu, sasa Mwindo alimsamehe baba yake kosa gani?» Nikakosa jibu. Kweli, mwishoni baba anaungama mbele ya watu, mtoto hamuui, wanagawana nchi. Ukiondoa kosa, msamaha unabaki neno tupu.

Basi, kitabu cha vijana ni kile ambamo kijana anaona kijana mwenzake akipita katika uovu wa wakubwa, na hageuki kuwa kama wao. Mabaya yaliyomo tuyapime kwa swali moja: yanamsaidia kuelewa, ao yanamfundisha kuyatamani? Tukishapima, tuwape watoto hadithi nzima.