Amri na Tope

Kukwama ni jambo la kawaida duniani. Chombo hukwama mwambani, gari hukwama njiani, na mtu hukwama katika neno alilolisema bila ya kufikiri. Kwa sababu hii kukwama peke yake hakumshushi mtu heshima. Kinachopima utu ni lile lifuatalo: nani hutoa amri ya kukwamua, na nani hutiwa hatarini na amri ile. Mambo mawili haya yakikaa kwa mtu mmoja, kazi huwa na insafu. Yakitengana, dhuluma hupata mlango hata katika kazi njema.

Kisiwa cha Pemba chafaa kuwa mfano. Nchi yake ni vilima na mabonde yanayofuatana kama mawimbi. Juu ya vilima imesimama mikarafuu, ambayo, baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, iliifanya Pemba kuwa ghala la karafuu la Zanzibar. Chini, katika mabonde kama Makwararani na Mlemele, hulimwa mpunga. Masika yakiingia, kati ya Machi na Mei, maji huteremka kwa kasi pamoja na udongo wa vilimani. Udongo uliofunikwa na miti hushikwa na mizizi. Udongo ulioachwa wazi, au uliolimwa muhogo kwa matuta yanayoelekea chini, huondoka. Safari yake hukoma pale maji yanapopunguza mwendo, yaani mferejini na bwawani. Mchanga hutua mlangoni mwa bwawa. Tope laini hufika mpaka ndani na kutua taratibu. Mwaka baada ya mwaka bwawa hupungua kina, hata likawa sahani pale lilipokuwa chungu.

Bwawa dogo huzolewa kwa majembe na makarai. Bwawa kubwa huteremshiwa mtambo wa kuchimbia, ule uitwao kijiko, ambao ukiwa wa kadiri huwa na uzito wa tani 20 hivi. Uso wa tope huweza kukauka kwa jua ukamhadaa mtazamaji, na chini yake pakawa na uji. Mtambo hupita hatua chache, kisha ubavu mmoja hudidimia. Hapo tabia ya kwanza ya mwanadamu ni kuongeza nguvu. Naye akiongeza, minyororo ya kutembelea huzunguka mahali pamoja, hukata tope na kujichimbia shimo, hata tumbo la mtambo likalala juu ya udongo. Tope nalo hushika kama mdomo unyonyao: mtambo ukivutwa juu, na hewa isipopata njia ya kuingia chini yake, hurudishwa palepale.

Mafundi wenye ujuzi hufanya kinyume. Kwanza husimama. Hufukua tope mbele na nyuma ya minyororo, wakafungua njia ya hewa na maji. Hutandika magogo ya kukingama njia, ili uzito uenee. Mwendeshaji hukita ndoo ya kijiko penye ardhi ngumu, akausaidia mtambo kujivuta wenyewe, urudi kwa njia uliyoingilia, maana njia ile imekwisha kujaribiwa. Ikibidi uvutwe na mtambo mwingine, kamba ya chuma hufungwa pahali imara, na watu wote husogezwa mbali kupita urefu wa kamba. Kwani kamba iliyokazwa ikikatika hurudi kama upanga, wala haimwulizi mtu cheo chake.

Ni katika kamba hiyo swali la maadili linapokaa. Mwenye kuamuru aghalabu husimama ukingoni, penye ardhi kavu. Anayo hesabu ya siku, ya mafuta na ya ujira wa mtambo, na hesabu hizo ni za kweli. Masika yakifika bwawa halijazolewa, maji yatafurika juu ya mpunga. Na kiangazi kikifika, hayatakuwapo ya kunyweshea. Basi asilaumiwe kwa kutaka upesi. Walakini anayefunga kamba ni utingo, ambaye miguu yake imo topeni mpaka magotini, na ambaye hawezi kukimbia. Yeye huhisi kwa nyayo lile ambalo msimamizi hulikisia kwa macho. Amri ikitoka kwa anayekisia na kumwangukia anayejua, maarifa na hatari zimewekwa upande mmoja, na mamlaka upande mwingine.

Huenda mtu akajibu kwamba kazi haiwezi kuwa na vichwa vingi. Jibu hilo lina nguvu, kwa kuwa wavutaji kumi wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, kazi hupotea na watu huumia. Lakini neno la kuvuta na neno la kusimama si sawa. Kuvuta kwahitaji sauti moja. Kusimama kwatosha sauti yoyote. Aliyeamuru kuvuta kwa makosa huweza kuua. Aliyesimamisha kwa makosa hupoteza saa moja. Kwa hivyo haki ya kusema "Simama!" yapasa iwe ya kila mtu aliye karibu na kamba, hata akiwa mdogo wao, na akikosea, asichekwe wala asikatwe ujira, maana siku ya pili atanyamaza, na ukimya wake utakuwa ghali.

Watu wa pwani waliijua kanuni hii kabla ya mitambo kuja. Nahodha alitiiwa bila ya ubishi, na utii ule haukuwa utumwa, kwa sababu naye alikuwamo chomboni. Akikosea njia, alikunywa maji yale yale waliyokunywa mabaharia wake.

Kinyume cha nahodha kilionekana bara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wajumbe wake waliikagua Tanganyika, sehemu kubwa wakiitazama kutoka katika ndege. Mwaka 1947 kilimo cha karanga kikaanzishwa Kongwa, kikikusudiwa kuenea hadi Urambo na Nachingwea, katika ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi, ulikauka kiangazi ukawa kama tofali. Mashine zikachakaa, na karanga zikashikwa ardhini. Mpango ukaachwa mwaka 1951, umekwisha kula pauni milioni 36 hivi. Kusudi lilikuwa kulisha watu, na hapana awezaye kuliita kusudi baya. Lakini wema wa kusudi haukulainisha udongo. Waliotoa amri walikuwa London, na kiangazi kilikuwa Kongwa.

Methali yasema: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Laiti ingekuwa hivyo daima! Mara nyingi mchimbaji hupita salama, akaingia mwingine. Hata tope la bwawani lina mwenyewe asiyeonekana. Aliyekiacha kilima wazi hayumo bwawani siku mtambo unapozama. Naye si mwovu. Alilima muhogo ili watoto wale. Lakini tope lile ni shamba lake lililoteremka, na rutuba aliyoikosa juu ndiyo inayomzamisha mwenziwe chini. Yampasa alime matuta ya kukinga mteremko, apande majani na miti penye kingo, na siku ya kuzoa bwawa ateremke na jembe lake kama mwenye deni, asije kama mtazamaji.

Insafu haimdai kila mwamrishaji abebe magogo. Yamdai ashuke topeni kabla ya kuamuru, amsikilize aliyesimama ndani yake, na asitoe amri ambayo asingeitii lau angekuwa yeye ndiye mshika kamba. Siku zitapotea, na mafuta yatalipiwa. Mtambo uliokwama huweza kungoja mpaka kesho. Mguu uliokatwa na kamba hauoti tena.