Dawati la Nyuma

Mshahara waweza kumfikisha mwalimu shuleni, lakini hauwezi kumfikisha kwenye dawati la nyuma. Huko huketi mtoto ambaye herufi zingali zikimtatiza, na mwalimu amwendeaye, akainama kando yake na vumbi la chaki vidoleni, akamshika mkono hata kalamu ikatii, huyo amekwisha kuingia katika wito usiokoma kengele iliapo. Julius Nyerere aliacha kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955, naye hata katika urais aliendelea kuwafafanulia raia, kwa subira na kwa lugha nyepesi, mambo mazito ya dunia. Nami naitakidi kwamba ualimu ukisha kumwingia mtu moyoni haumtoki. Mzazi uliyejaliwa mwalimu wa namna hii, mheshimu, na mwanao asiende kwake bila ya daftari.